Mfanyakazi wa kanisa kubwa anachungwa na nani? Uzi kwa wachungaji, wazee na makatibu

#1 KatibuMstaafu (mleta uzi)

Bwana asifiwe, wakuu.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu unanigusa mwenyewe. Nilikuwa katibu mtendaji wa kanisa kubwa kwa miaka 14, sasa nimestaafu. Kanisa silitaji wala watu wake siwataji. Naandika kwa ajili ya viongozi ambao leo wana watu 20, 40 au 60 kwenye orodha ya mishahara na wanadhani kazi yao yote iko madhabahuni.

Jumanne moja asubuhi nilikuta bahasha imewekwa chini ya kibodi yangu. Ilikuwa barua ya kuacha kazi kutoka kwa dada wa mapokezi. Alikuwa amekaa pale mlangoni miaka 6. Yeye ndiye aliyejua wajane wote kwa majina, na wafiwa walipofika alikuwa ameshawakalisha na kuwafariji kabla sisi hatujajua kwamba kuna msiba. Barua ilikuwa na mistari minne. Wa kwanza, anaacha kazi. Wa pili, tarehe. Wa tatu, shukrani. Wa nne ulisema: "Naomba, kama inawezekana, niendelee kuwa mshirika wa kanisa hili."

Kama inawezekana. Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimesimama, nikayarudia. Mtu aliyebatizwa pale, akafunga ndoa pale, watoto wake wako shule ya Jumapili pale, anaomba ruhusa ya kubaki kanisani kwake kwa sababu tu anaacha kupokea mshahara.

Nilimwomba tukae. Hakutaka kusema, nami sikumbana. Baadaye akafunguka mwenyewe. Mwaka uliotangulia ndoa yake ilipoyumba alimweleza mchungaji msaidizi, ambaye pia ndiye aliyekuwa msimamizi wake wa kazi. Alimweleza kama mshirika anavyomweleza mchungaji, kwa machozi. Miezi miwili baadaye, kwenye fomu ya tathmini yake, pakaandikwa kwamba ana changamoto za kifamilia zinazopunguza umakini wake kazini. Fomu ile niliitia saini mimi.

Mchungaji msaidizi yule si mtu mbaya. Aliandika alichokiona, tena kwa nia ya kumsaidia apunguziwe mzigo. Ila sisi tulimweka mahali ambapo mtu huyohuyo anayekusikiliza ukilia ndiye anayekupa alama. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelia mara ya pili mbele ya anayempa alama. Ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: katika kanisa kubwa kila muumini anaweza kupata mchungaji, isipokuwa yule anayelipwa na kanisa. Yeye ana bosi anayeitwa mchungaji.

Kanisa likiwa dogo jambo hili halionekani. Mchungaji yupo, mlinzi yupo, labda na mwalimu wa kwaya, na wote wanajuana hadi kwa wazazi. Watafiti wa dini wa Marekani huhesabu kanisa kuwa kubwa sana pale wastani wa wahudhuriaji kwa wiki unapofika 2,000 au zaidi, lakini kwa uzoefu wangu mambo hubadilika mapema kuliko hapo. Hubadilika siku mchungaji kiongozi anapoanza kumtambua mfanyakazi kwa kazi yake: yule wa maiki, yule wa geti, yule wa watoto. Idara zinazaliwa moja baada ya nyingine, kila idara inapata mkuu wake, na mkuu huyo anaongeza neno "mchungaji" mbele ya jina lake. Tunadhani tumepata wachungaji wengi zaidi, kumbe tumepata wasimamizi.

Baada ya barua ile niliomba kukaa na kila mfanyakazi peke yake. Ilinichukua wiki sita. Swali lilikuwa moja: ukipata msiba usiku wa leo, utampigia nani? Wengi walitaja ndugu au jirani. Mlinzi mmoja alifikiri sana, akajibu, "Nitampigia mkuu wangu nimwambie sitakuja zamu."

Nilitoka pale nikaenda kukaa kwenye gari, sikuwasha.

Kuna historia inayonisaidia kulifikiria jambo hili. Mwaka 1742, pale Bristol, Uingereza, watu wa John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, walikuwa wanajadili namna ya kulipa deni la jengo lao. Mmoja akapendekeza kila mshirika atoe peni moja kwa wiki. Akajibiwa kwamba wengine ni maskini, hawana hata hiyo. Akasema: niwekeeni kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitawatembelea kila wiki, na asiyekuwa nacho nitamtolea mimi. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Walipokuwa wakizunguka kukusanya peni wakaanza kuona hali za nyumbani: nani mgonjwa, nani ana ugomvi, nani ameanza kurudi nyuma. Wesley akaona kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitafuta kwa muda mrefu, na yale makundi ya watu kumi na wawili yakawa uti wa mgongo wa Wamethodisti. Walikwenda kwa ajili ya fedha wakakuta watu. Sisi kila mwezi tunawapelekea watu fedha, na ni nadra kuwakuta.

Tulichofanya hakikuwa kikubwa. Kila mfanyakazi, kuanzia anayefagia hadi mchungaji msaidizi, alichagua mzee au mchungaji mmoja ambaye hana neno lolote juu ya kazi yake wala mshahara wake. Akipenda anaweza kuchagua hata mchungaji wa kanisa jingine. Kinachosemwa kati yao hakiingii kwenye jalada. Siri hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe tuliutaja siku ya kwanza: mtoto akidhurika, uhai wa mtu ukiwa hatarini, au fedha ya kanisa ikiibwa, hapo hakuna siri. Na kila mmoja akapewa angalau Jumapili moja kwa mwezi ya kukaa kwenye benchi na familia yake, bila redio ya mawasiliano, bila funguo mfukoni.

Karibuni tujadiliane. Mwenye uzoefu tofauti alete.

#2 FundiMitambo

Mkuu, hapo kwenye benchi na familia umenigusa penyewe. Mimi nakaa kwenye mitambo ya sauti mwaka wa 9 huu. Watu huniambia nina bahati kwa sababu nasikia mahubiri ya ibada zote tatu. Ukweli ni kwamba nasikia yote na sisikilizi hata moja. Ukikaa pale sikio linawinda mlio, linawinda maiki ya mwimbaji wa tatu inayotaka kupiga kelele. Neno linapita.

Binti yangu aliniuliza kwa nini baba huwa haimbi kanisani. Sikuwa na jibu.

#3 MwinjilistiWaNjiani

Mleta uzi, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe kabisa. Kanisa si kampuni. Mimi nimetumika miaka 22 bila mkataba, bila fomu, bila hiyo mnayoita tathmini. Kuna miezi nimeishi kwa imani tupu na Mungu hakuniacha. Mkishaanza kuhesabu Jumapili za mapumziko na kuandikiana nani afanye nini, mnaua wito. Watumishi wa leo wanataka likizo kabla ya kufunga na kuomba. Mitume walikuwa na katibu mtendaji?

#4 KatibuMstaafu

Mtumishi, miaka 22 ni mingi, na siwezi kuigusa kazi yako ila kwa heshima. Naamini wito upo. Bila wito hata mimi nisingekaa pale miaka 14.

Lakini tuangalie Matendo 6 pamoja. Kanisa limekua kwa kasi, wajane wa Kiyunani wanasahauliwa katika mgao wa kila siku, manung'uniko yameanza. Mitume hawakuwaambia wajane waongeze imani. Walitambua kwamba mpangilio ndio ulioshindwa. Wakataka watu saba wachaguliwe, wakataja sifa zao, wakataja kazi watakayoshika, na wakasema wazi wao wenyewe watabaki na lipi. Maombi yalikuwepo, mikono iliwekwa, na mipaka ya kazi ilitajwa palepale.

Rudi nyuma zaidi, kwa Walawi. Hesabu 8 inasema wanaanza utumishi wakiwa na miaka 25, wakifika 50 wanaacha kazi nzito na kubaki kuwasaidia ndugu zao. Hesabu 18 inataja riziki yao inatoka wapi. Mungu aliyewaita ndiye aliyeweka umri wa kuanza, umri wa kupumzika na malipo yao. Sioni kama aliona hayo yanaua wito.

Neno "wito" nimelisikia likitumika kwa namna mbili. Mtu akilisema juu yake mwenyewe, kama ulivyofanya wewe, linampa nguvu ya kuvumilia. Mwajiri akilisema juu ya mtu mwingine siku mshahara umechelewa, linamfunga mdomo. Nimekaa kwenye vikao ambako mtu aliuliza kwa adabu kuhusu malipo ya zamu za mkesha akaulizwa kama ameitwa au amekuja kutafuta kazi. Aliinamisha kichwa. Hakuuliza tena, na tulimpoteza moyo siku ile ingawa mwili uliendelea kuja kazini mwaka mzima.

Nikupe mfano wa faida ya kuandika. Usiku mmoja, kama saa nane, mtu alifika getini analia, anaomba aingie kanisani kuomba. Mlinzi alikuwa mpya. Hakuna aliyewahi kumwambia kama anaruhusiwa kufungua usiku. Akikataa atalaumiwa, akifungua kukaibiwa chochote atafukuzwa. Akakataa. Yule mtu akaondoka gizani, na habari ikafika kwa wazee Jumapili, na mlinzi akagombezwa mbele za watu kwamba hana upendo. Upendo alikuwa nao. Hakuwa na ruhusa, na sisi ndio tuliokuwa hatujampa. Wiki iliyofuata tuliandika kwenye karatasi yake ya kazi: unaweza kufungua chumba kidogo cha maombi saa yoyote, usimwache mtu peke yake, kaa mlangoni, mpigie mchungaji wa zamu, namba hii hapa. Mistari miwili. Tangu hapo watu kadhaa wameombewa usiku, na mlinzi yule alikuwa akinihadithia habari zao kwa furaha, kama mtu anayeona kwamba naye yumo katika huduma.

Karatasi ya namna hiyo isizidi ukurasa mmoja. Mtu ajue anawajibika kwa nani (mmoja, si watatu), nini anaamua bila kuuliza, nini lazima aulize, na mwisho wa mwaka tutatazama nini kujua kwamba kazi imefanyika.

#5 MchungajiMgeni

Shalom. Nafuatilia uzi huu nikiwa na daftari. Nimekabidhiwa kanisa miezi miwili iliyopita. Watu 19 wanawajibika kwangu moja kwa moja: wachungaji, mhasibu, mkuu wa ulinzi, hadi mama wa maua. Kila mmoja anataka dakika tano. Jioni narudi nyumbani sijaandaa hata andiko moja. Nianzie wapi?

#6 KatibuMstaafu

Mchungaji, pole na hongera. Kumi na tisa ni wengi mno. Yethro alimkuta Musa amezungukwa na watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia mkwewe kwamba atadhoofika yeye na watu wake pia. Wengi tunasoma Kutoka 18 kama habari ya Musa kuchoka. Mimi siku hizi naisoma nikiwaangalia wale waliosimama kwenye foleni kutwa nzima. Foleni ya mlango wako nayo ina watu wanaochoka.

Mfano wa karibu zaidi ni Seoul, Korea Kusini. David Yonggi Cho alianzisha kanisa pale mwaka 1958, likakua haraka, na mwaka 1964 akaanguka kwa uchovu, hajafika hata miaka 30. Alikuwa akifanya karibu kila kitu mwenyewe. Alipokuwa dhaifu akagawa uangalizi wa washirika kwa vikundi vya nyumbani, na walioubeba mzigo huo kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake. Kanisa hilo, Yoido, likaja kuhesabika miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Ninachokishika hapo ni kwamba aligawa mamlaka yenyewe. Kumpa mtu cheo halafu kila uamuzi ukarudi kwako ni kuongeza foleni.

Kwa upande wako: chagua watano au sita wa kuongoza wenzao. Usimchague kwa kipaji. Mwimbaji bora anaweza kuwa msimamizi mbaya wa waimbaji. Tafuta yule ambaye wenzake humwendea wakikwama, hata kama hana cheo. Kisha tangaza mbele ya wote kwamba umemkabidhi. Hapo ndipo kazi inapoanza, maana ndani ya wiki moja mtu atamruka aje kwako, tena kwa jambo dogo unaloweza kulimaliza palepale. Mrudishe kwa upole. Ukilimaliza wewe, umemvua yule uliyemsimika.

Na kabla ya kubadilisha chochote, tumia mwezi mmoja kusikiliza. Anza na wa usafi na walinzi. Wao ndio wanaookota karatasi zilizokunjwa na wanaowaona watu wakitoka ibadani wanalia. Wajitoleaji waweke kwenye kundi lao, usiwadai kama walioajiriwa, ila nao wajue zamu yao inaisha lini.

#7 MhasibuWaZaka

Niongezee kwenye mfano wa Seoul, maana haukuishia hapo. Februari 2014 mahakama ya huko ilimtia hatiani mchungaji huyohuyo kwa kulisababishia kanisa hasara katika ununuzi wa hisa zilizokuwa za mwanawe, zikanunuliwa kwa bei iliyozidi thamani yake. Alipewa kifungo cha miaka mitatu kilichoahirishwa kwa miaka mitano. Nasema hivi kwa masikitiko, kwa sababu mfumo wa vikundi ulikuwa mzuri sana kwa kuchunga washirika. Kuchunga chini hakuzuii kupotoka juu. Mambo hayo mawili yanahitaji vitu viwili tofauti.

Mimi ni mhasibu wa kanisa. Kitu ninachowaomba wachungaji kwa magoti: msitupe sisi wahasibu uaminifu wa maneno matupu. "Tunakuamini, dada" si ulinzi. Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili wasio ndugu, wabadilishane, na anayeandika vitabu asiwe ndiye anayehesabu. Malipo yatoke kwa saini mbili. Mshahara wa mchungaji kiongozi upangwe na watu ambao yeye hawaajiri. Ikiwa hivyo, siku fedha isipotimia nina pa kusimama. Bila hivyo nina jina langu tu, na jina la mhasibu likichafuka kanisani halisafishiki.

Halafu mishahara. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Nimewahi kuamriwa kusogeza mishahara ya wafagiaji wiki tatu ili taa mpya za jukwaa ziwahi kongamano. Nilitii. Sijawahi kuisahau sura ya mama mmoja aliyesimama mlangoni kwangu akisema, "Haidhuru, ni kazi ya Mungu," huku macho yake yakisema jambo jingine.

#8 MkeWaMchungaji

Niseme na mimi, ingawa naogopa kidogo. Mimi ni mke wa mchungaji kiongozi. Sina cheo ofisini, sipokei mshahara, na nilidhani hiyo inanifanya niwe huru. Siku moja nilipita chumba cha watoto wachanga nikasema, "Mapazia haya yamechakaa." Nilisema tu, kama mama yeyote. Kesho yake yalikuwa yamebadilishwa, na fungu lilitolewa kwenye vitabu vya watoto. Mwalimu wao aliniangalia vibaya mwezi mzima na sikujua kwa nini.

Nilipojua, nilimwomba katibu awakusanye wafanyakazi wote aseme mbele yangu na mbele ya mume wangu: maneno ya mama ni maneno ya mshirika, akiwa na ombi atalileta kwa katibu kama wengine. Ilinichoma kusikia. Lakini wiki ileile mwalimu yule alikuja nyumbani tukaongea kama dada na dada.

#9 MzeeWaBaraza

Ubarikiwe mama kwa ujasiri huo.

Mimi ni mzee wa kanisa, na uzi huu umenirudisha kwenye habari ya kanisa la Mars Hill, Seattle, Marekani. Kanisa lile lilianza 1996 likafikia matawi 15. Mwaka 2007 katiba yake ilibadilishwa, madaraka ya wazee wengi yakaingia mikononi mwa wachache, na wazee wawili wakaondolewa kazini katika mvutano huohuo. Miaka saba baadaye, Agosti 2014, waliokuwa wachungaji wa kanisa hilo 21 walipeleka malalamiko rasmi kuhusu namna mchungaji kiongozi, Mark Driscoll, alivyowatendea watu waliofanya kazi chini yake. Uchunguzi wa ndani ukataja kiburi, hasira za haraka na maneno makali. Oktoba akajiuzulu. Kufikia 1 Januari 2015 kanisa lile halikuwepo tena kama taasisi. Matawi mengine yakajitegemea, mengine yakafungwa. Mahubiri yalikuwa yakiwavuta maelfu hadi mwisho. Wazee tusidanganyike na viti vilivyojaa.

Swali langu kwa katibu: tuna mwalimu wa muziki ambaye lazima aondoke. Hajaiba wala hajazini. Anawavunja moyo vijana, ameonywa, hajabadilika. Mke wake ni shemasi. Watoto wao wanacheza na wajukuu zangu. Tunafanyaje?

#10 KatibuMstaafu

Mzee wangu, hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo nililokosea mara nyingi zaidi.

Mtu akiachishwa kazi kwingine, Jumapili huenda kanisani kupata bega la kulilia. Ukimwachisha mfanyakazi wa kanisa umemtoa kwenye kazi, kwenye kikundi chake cha maombi, kwa marafiki zake, na kwa mchungaji wake, vyote asubuhi moja. Mkewe atakaa wapi Jumapili ijayo? Watoto watawaambia nini wenzao darasani? Kabla ya kuandika barua, kaeni mjibu maswali hayo kwa majina na tarehe.

Umesema ameonywa. Ameonywa kwa maneno gani? Nauliza kwa sababu viongozi wa kanisa tuna tabia ya kuonya kwa mafumbo. Tunasema "tuendelee kuombea eneo hili" na tunadhani tumeonya, yeye anasikia kwamba tunamwombea. Kama hajawahi kuambiwa faraghani, kwa lugha nyepesi, "Ulimwambia binti yule hajui kuimba mbele ya wenzake, akaacha kwaya, likitokea tena hatutaendelea nawe," na akapewa nakala ya maneno hayo, basi bado hamjamwonya. Anzeni hapo, mpeni muda uliotajwa, na mtu wa kumsaidia.

Ikiwa hayo yote yamefanyika, basi msicheleweshe. Kila mwezi mnaosubiri vijana wanaumia, na yeye anaona nyuso zinabadilika bila kuambiwa sababu. Aambiwe na watu wawili, uso kwa uso, si kwa ujumbe wa simu na kamwe si kwenye kikao cha wote. Mfuate sheria ya kazi ya nchi yenu katika notisi na stahili zake, kisha mzidishe kadiri mwezavyo. Siku hiyohiyo, mzee ambaye hakuhusika na uamuzi aende nyumbani kwake, na aendelee kwenda. Si kuutetea uamuzi. Kukaa naye.

Tangazo kwa washirika mwandike pamoja naye. Msiseme "ameitwa kwenye huduma nyingine" ikiwa hakuitwa. Watu watajua, na siku nyingine mkisema kweli hamtaaminika. "Amemaliza kazi yake kama mwalimu wa muziki tarehe fulani, tunamshukuru kwa miaka aliyotumika, yeye na familia yake wanabaki washirika wetu" inatosha. Akikataa kubaki, mwandikieni barua njema ya utambulisho kwa kanisa atakalokwenda, isiyoficha lolote la hatari na isiyomchafua.

Na mkewe abaki shemasi. Hakukosea yeye.

#11 MchungajiMgeni

Nimeandika kurasa nne. Katibu, nina swali dogo. Yule dada wa mapokezi, aliishia wapi?

#12 KatibuMstaafu

Aliondoka kazini tarehe aliyoiandika. Nilimwomba abaki akasema hapana, nikaheshimu. Mchungaji msaidizi alikwenda kwake na mimi tukaomba msamaha, kila mtu kwa lake, na ukurasa ule wa tathmini tukautoa kwenye jalada mbele yake.

Baadaye, tulipokuwa tunaandika utaratibu wa mfanyakazi anayeacha kazi, nilimpelekea rasimu nyumbani. Nilitaka aisome kabla ya wazee. Aliketi nayo muda mrefu. Kulikuwa na sentensi niliyoiandika mwenyewe na kuiona nzuri: "Mfanyakazi anayeacha kazi anaruhusiwa kubaki mshirika." Akaniomba kalamu. Akapiga mstari juu ya "anaruhusiwa kubaki", akaandika juu yake "ni", akanirudishia karatasi.